Bega la Kulia la Mwoka Mikate

Mtu mfupi mwenye tumbo havai koti la dabo. Hayo ndiyo maneno aliyoyatumia mume wangu wa zamani kunichimbia shimo, na aliyasema akitabasamu, mbele ya kamati nzima ya chama cha mafundi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama kawaida yake. Kwa sababu ya tepu hiyo watu wote wa safu ya mafundi humwita Fundi Tepu. Nilikaa naye miaka kumi na tisa, tukazaa binti mmoja, na tangu aniache ni miaka mitatu, kwa hiyo na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake jingine nimeshalitoa mdomoni.

Siku hiyo nilikwenda kuomba chumba namba saba. Safu yetu ina vyumba kumi na viwili, vidogo, kila kimoja kina mlango wa mbao mbele na kidirisha nyuma. Cha saba kilikuwa cha mzee mshona kofia, ambaye macho yalipomchoka alikirudisha kwa chama. Chama humpa fundi ambaye kazi yake inajulikana. Ukiwa nje ya safu ile unaweza kushona mpaka vidole vikapinda, na bado ukaitwa mtia viraka. Ukiwa ndani, mlango wako una namba, umeandikwa kwenye daftari la chama, na mtu akitaka koti anakuja kukutafuta mwenyewe. Mimi nilikuwa nashonea kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba ya dada yangu, kwa cherehani ya kuazima, na shemeji yangu kila akitoka kuoga aliruka vitambaa vyangu kama mtu anayeruka madimbwi. Hakuwahi kunitolea neno. Lakini kule kuruka kwake kulinisema kila asubuhi.

Kamati ina watu watatu. Mwenyekiti ni mzee mrefu, mwembamba, kifua kimeingia ndani, hushona sare za shule. Mweka hazina ni mama mwenye kifua kikubwa na sauti kubwa kuliko kifua, tunamwita Mama Magauni. Katibu ni Fundi Tepu. Nilijua nitamkuta. Nikapiga moyo konde nikaingia.

Mwenyekiti aliniuliza nashona nini. Nikasema makoti. Akauliza nimeshonea wapi, na kabla sijafungua kinywa, katibu wake akanijibia.

"Huyu kwangu alikuwa mshona vifungo, mzee. Vifungo tu na kupiga pasi."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni kujieleza. Mama Magauni alinitazama, akasubiri nikanushe, na mimi nikawa natafuta pa kuanzia. Utaanzaje? Utawaambia nini watu ambao kwa miaka kumi na tisa walimwona yeye mbele ya duka na chaki mkononi, na wewe hawakukuona kabisa?

Ngoja nieleze lilivyokuwa duka lile, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Lilikuwa na chumba cha mbele na cha nyuma, katikati pazia. Mteja alipoingia, Fundi Tepu alimsimamisha katikati ya chumba cha mbele, yeye akasimama kati ya mteja na barabara, wakatazamana uso kwa uso. Alipima, akasoma namba kwa sauti, akaandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na meza ya kukatia. Mgongo wa mteja ulinielekea mimi. Wateja wote wa mji ule niliwajua kwa migongo kabla sijawajua kwa nyuso, na mpaka leo nikipita sokoni namtambua mtu kwa visigino na mabega, halafu namsalimia naye anashangaa nimemjuaje.

Shule sikupelekwa. Walipelekwa kaka zangu, mimi nikapelekwa kwa fundi kuokota pini zilizoanguka. Kwa hiyo namba za kwenye tepu kwangu zilikuwa kelele. Nilipima kwa macho, halafu kwa kamba. Kila mteja alikuwa na kamba yake yenye mafundo: fundo la bega, fundo la kifua, fundo la kiuno. Fundi Tepu akishamaliza madaha yake huko mbele, alikuwa akimwomba mteja avue shati la juu "tulitazame shingo," akaniletea shati nyuma, mimi nikalipima kwa kamba yangu. Nikakata. Nikashikiza. Nikashona. Vifungo, ni kweli, nilishona pia.

Na koti lililotupa jina lilikuwa dabo. Dabo ni lile ambalo upande mmoja wa kifua unapanda juu ya mwenzake, kwa mbele likawa na safu mbili za vifungo. Mafundi wengi hulikimbia. Koti la safu moja linasamehe, ukikosea kidogo mteja ataliacha wazi na mambo yakaisha. Dabo halivaliwi wazi. Zile safu mbili za vifungo ni kama reli. Zikipinda nusu kidole, mtu aliye ng'ambo ya barabara anaona.

Watu hudhani kuna miili iliyoumbwa kwa dabo na mingine haikuumbwa. Huo ni uvivu wa mafundi. Mwili mwembamba, kwa mfano, unataka safu zikae mbalimbali, upande wa juu upandane sana na wa chini, na kola ipasuke pana, ncha zake zitazame mabegani. Hapo hata mtu aliye kama fito anapata kifua. Mpagazi mwenye mabega mapana na kiuno chembamba, yeye umwondolee pedi zote, mabega anayo tayari, ukimwongezea utamfanya kabati. Mwanamke mwenye kifua, usithubutu kumwekea kifungo pale alipojaa. Acha kola ipite juu ya kifua ikiwa wazi, ufunge chini yake, pale mbavu zinapoanza kurudi ndani. Nilijifunza hivyo kwa kuharibu, na kila nilichoharibu nilikifumua mwenyewe.

Duka lilipopata jina, Fundi Tepu alipata na macho mapya. Aliona sasa anahitaji mke wa kukaa naye mbele. Alimtuma mdogo wake aniletee mabegi mawili kwa dada yangu, nguo zangu zikiwa zimekunjwa vizuri, nadhani na huyo mke mpya. Cherehani zote zikabaki. Hata kamba zangu zilibaki. Nasikia zilifungiwa vifurushi. Wazee walipokaa kusikiliza, alisema duka ni jasho lake, na mimi sikuwa na karatasi hata moja yenye alama ya mkono wangu. Makoti mia ngapi yanatembea mjini, na hakuna lililoweza kuja kunitolea ushahidi.

Basi ndivyo nilivyosimama mbele ya kamati. Aliyeniokoa ni Mama Magauni. Alisema maneno hayashoni, nipewe kitambaa nishone koti walione. Mwenyekiti akakubali. Hapo ndipo Fundi Tepu alipotabasamu. Akasema vizuri sana, lakini liwe dabo, maana ameomba chumba cha fundi makoti, na kamati imchagulie mtu wa kumshonea. Akamtaja mwoka mikate.

Mama Magauni akaguna. Mji mzima unamjua mwoka mikate: mfupi, tumbo mbele kama ameficha mkate chini ya aproni, na mwenyewe hulitania kabla hujalitania wewe. Hapo ndipo yaliposemwa yale maneno, kwamba mtu mfupi mwenye tumbo havai dabo, kila fundi analijua hilo, sasa tuone kama mama huyu ana elimu tusiyokuwa nayo. Nikapewa siku kumi na kitambaa cha rangi ya makaa. Koti likikataa, chumba kitakwenda kwa kijana wa mji wa pili ambaye barua yake ilikuwa tayari mezani. Nikasema sawa. Sauti ilitoka imara kuliko nilivyotarajia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye tanuri. Nilimkuta mwoka mikate ametapakaa unga mpaka kwenye nyusi. Nikamweleza. Alifuta mikono taratibu, na kwa mara ya kwanza sikumwona akicheka.

"Dada, dabo nimeapa. Nilivaa moja kwenye harusi ya binti yangu. Watu walikuwa wananiuliza kama nimeteguka."

Nikamuuliza alishonewa na nani. Akanitazama kama mtu anayeogopa kunikanyaga kidonda, akasema kwa yule mzee wako wa zamani, mwaka juzi. Mwaka juzi mimi sikuwepo. Nikamwomba anionyeshe hilo koti. Alisema mke wake ameshalitia kwenye gunia la matambara. Nikasema nitalitafuta humo humo kwenye gunia.

Mke wake alinipeleka chumba cha stoo, tukavuta gunia, tukamwaga. Koti lilikuwa chini kabisa, kitambaa kizuri cha buluu, limekunjamana. Nikamwomba mume wake alivae tena, mara moja tu, kwa ajili yangu. Alilivaa akinung'unika. Akafunga vifungo. Mke wake akaziba mdomo kwa kiganja.

Koti lilikuwa limelala upande kama mlango ulioachia bawaba. Safu zote mbili za vifungo zilikwenda mshazari. Chini, ule upande wa ndani ulikuwa umechungulia nje kama ulimi. Vifungo sita vilitawanywa mbalimbali juu ya tumbo, kana kwamba aliyekata alitaka kuhakikisha hakuna atakayelikosa.

Nikazunguka nyuma yake, mahali ninapojua kusoma. Nikamwambia alegeze mikono. Na hapo nikaliona: bega lake la kulia limeshuka, karibu vidole viwili. Nikamuuliza. Akasema ni magunia ya unga, miaka thelathini anayabeba bega hilo hilo, la kushoto halijui kubeba. Lakini nilipobonyeza koti, pedi nene ilikuwa kwenye bega la kushoto. Lile lililo juu limeinuliwa zaidi, lililo chini limeachwa chini.

Nilikaa kwenye mfuko wa unga. Mke wa mwoka mikate akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelizoea mpaka nikalisahau.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, Fundi Tepu alinisomea kutoka mbele kwamba karani fulani bega lake la kushoto limeshuka. Nikaweka pedi kushoto. Koti likapinda, nikatukanwa siku nzima. Nilipolifumua nikagundua: yeye husimama akitazamana na mteja, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwa mteja. Nilimwambia. Alinijibu kwamba anayepima ni yeye. Nikamwambia tena baada ya wiki, akaniuliza tangu lini mtu asiyejua kusoma akamsahihisha anayeandika. Basi. Sikusema tena. Kila aliposema kushoto mimi niliweka kulia, na kila aliposema kulia niliweka kushoto, miaka kumi na minane, na kila koti lilipokaa vizuri alijipongeza. Akaendelea kuandika vile vile daftarini. Nilipoondoka, alimwajiri mkataji mwenye cheti, kijana hodari, ambaye alisoma daftari na kufuata kilichoandikwa.

Nilicheka pale kwenye mfuko wa unga mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kucheka.

Nikamwambia mwoka mikate hivi: nipe siku nane. Usipopendezwa, nitakushonea aproni nne na sitakusumbua tena maisha yangu yote. Akasema tumbo lake lina heshima yake, lisije likaaibishwa mara ya pili. Nikamwambia nimelielewa tumbo. Nikampima kwa kamba, nikiwa nyuma, halafu ubavuni, halafu nikamwomba akae, kwa sababu tumbo lililokaa si lile lililosimama.

Siku zile nane sikuongea sana na watu. Dada yangu alihamisha mtungi wa maji ili meza ipate nafasi. Nilianza kukata mchana, nikiwa peke yangu, mkasi ukasita pale juu ya kitambaa kama unaniuliza kama nina hakika. Kitambaa kilikuwa kimoja. Nikaukaza mkono.

Vifungo nilivifanya vinne badala ya sita. Vya juu nilivitanua kidogo, vya chini nikavisogeza karibu karibu, ili jicho lishuke kama linaingia kwenye mlango mwembamba. Kola nikaishusha ndefu, itoke begani ikaenda chini kwa mshazari mpaka kwenye kifungo cha chini. Mtu mfupi ukimpa mstari mrefu unaoshuka, umempa kimo. Upande wa juu sikuupandisha sana juu ya wa chini, kwa sababu kila unapopandisha unaongeza kitambaa juu ya tumbo, na tumbo halihitaji blanketi. Mifuko haikuwa na vifuniko. Urefu nikaupunguza nyuma, mbele nikauongeza kidogo, maana tumbo hula urefu na pindo la mbele hupanda. Pedi nene nikaiweka kulia, kushoto nikaacha kitambaa kitupu. Na ndani, pale pasipoonekana, nikaweka kifungo kimoja cha kuushika upande wa chini. Kile ndicho kinachozuia koti kutoa ulimi. Mkataji mwenye cheti hakukiweka, kwa sababu kwenye daftari hakikuandikwa. Hakuna aliyejua kipo isipokuwa aliyekuwa akikishona.

Siku ya kulijaribisha, shemeji yangu alirudi mapema akakuta koti limetundikwa ukumbini limeshikizwa kwa nyuzi nyeupe. Hakuruka. Alizunguka akapitia mlango wa uani.

Siku ya kumi tukaenda. Mwoka mikate alinawa mpaka akawa mtu mwingine, akavaa koti nyuma ya mlango wa ofisi ya chama, nikamfunga kifungo cha ndani kwa mkono wangu, nikampiga mgongoni aingie.

Mwoka mikate alisimama katikati, mikono imelegea, akijitahidi asitabasamu. Safu mbili za vifungo zilishuka sawasawa pande zote mbili. Mabega yalikaa sawa kama rafu. Tumbo lilikuwepo, sikulificha wala sikukusudia kulificha, lakini sasa lilionekana la mtu mwenye cheo. Mama Magauni alinyanyuka akamzunguka mara mbili, akamwambia akae. Akakaa, koti halikutuna. Akamwambia anyooshe mikono kama anatia mikate tanurini. Akanyoosha, kola haikuruka shingoni.

"Baba mikate," akasema, "leo ningekutana nawe barabarani ningekupisha."

Mwenyekiti alikuwa amesogea kutazama bega. Aliuliza nimewezaje. Kabla sijajibu, Fundi Tepu alisema kitu ambacho nilikuwa nakisubiri kwa siku kumi. Alisema koti ni zuri, hawezi kukataa, ila ni ufundi wake yeye, mimi nimeuona tu nyumbani kwake kwa miaka. Kwamba vipimo vya mwoka mikate vimo kwenye daftari lake, na huenda nimevipata kutoka huko. Na kama ni fundi kweli, daftari langu la vipimo liko wapi? Nikaitoa kamba yangu nikaiweka mezani. Akacheka, akaishika kwa vidole viwili, akawaonyesha wenzake.

"Mafundo. Jamani, chumba tunampa fundi au mganga?"

Mwenyekiti naye alitabasamu kidogo. Niliona chumba kinaanza kuniponyoka, si kwa sababu ya koti, bali kwa sababu ya kamba. Barua ya yule kijana bado ilikuwa pale pale mezani. Nikamwambia mwenyekiti, mzee wangu, kwa heshima yako, naomba katibu aulizwe swali moja tu. Akaruhusu.

"Baba binti," nikamwambia Fundi Tepu, maana mbele za watu siwezi kumwita Tepu, "huyu bwana ana bega moja limeshuka. Ni lipi?"

Hakufikiri hata kidogo. Alikwenda akasimama mbele ya mwoka mikate, uso kwa uso, kama alivyosimama mbele ya kila mtu maisha yake yote.

"La kushoto. Na nimeandika."

Mwoka mikate akalitazama bega lake la kushoto. Halafu akainua mkono wa kulia juu, polepole, kama mwanafunzi.

"Lililoshuka ni hili, fundi. Hili ninalobebea unga."

Mama Magauni ndiye aliyeanza. Alicheka akashika meza. Mwenyekiti alikuwa hajaelewa, akaenda mwenyewe akasimama mbele, akautazama mkono ulioinuliwa, akasema kushoto. Akazunguka akasimama nyuma, akaona ni wa kulia. Akarudi mbele tena. Nilimwona anaelewa, na nilimwona anamtazama katibu wake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama kabla. Fundi Tepu alisema ni kuteleza ulimi. Mwoka mikate akasema basi ulimi wako ulinishonea koti la buluu, lipo nyumbani kwenye gunia, nitalileta kamati ilione. Hakukuwa na haja ya kulileta.

Nikawaeleza, kwa kifupi, jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi, nani alisimama wapi. Sikuongeza chumvi. Nilisema nilichokuwa nikisikia kutoka mbele na nilichokuwa nikifanya nyuma. Nilipomaliza, mwenyekiti aliikunja ile barua ya kijana akaitia kwenye droo. Kisha, huyo huyo mwenye kifua kilichoingia ndani, akakohoa na kuniuliza kama mtu wa umbo lake naye anaweza kuvaa dabo. Nikamwambia wewe ndiye unayeliweza kuliko sote, mzee, ila yule anayekushonea anakubana kama anakufungia kifurushi. Mama Magauni akamwambia, unajishonea mwenyewe, si ndiyo? Mzee akatazama dirisha.

Katibu ndiye anayeandika, ndiyo kazi ya katibu. Akavuta daftari la chama akaandika. Sikuweza kusoma, kwa hiyo nikamwomba Mama Magauni anisomee kwa sauti. Kulikuwa kumeandikwa chumba saba, mshonaji. Nikasema sitoki hapa mpaka liandikwe neno linaloandikwa kwa wenzangu wote wa safu. Mwenyekiti akamwambia katibu aandike. Alifuta, akaandika fundi, kalamu ikikwaruza.

Nilitoka na ufunguo. Mwoka mikate alishatangulia, amegoma kulivua koti, anakwenda nalo tanurini hivyo hivyo wamwone. Fundi Tepu akanifuata barazani. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Lakini alikuwa amepauka. Alisema kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akitumia zamani tukiwa wawili.

"Mama binti. Ni wangapi humo kwenye daftari?"

Nilimwelewa. Alikuwa anauliza ni mabega mangapi, makalio mangapi, mikono mingapi mirefu upande mmoja, ambayo aliandika kinyume na mimi nikageuza. Niliwajua wote. Karani, mwalimu mkuu, yule dereva mwenye nyonga, mapacha wa duka la vyombo ambao mmoja ameinamia huku na mwingine kule. Ningeweza kumtajia mmoja mmoja pale pale barazani, na pengine hapo zamani ningemtajia, nikaenda nikamsahihishia na nikamshukuru kwa kuniuliza.

"Waite," nikamwambia, "uwatazame."

Akaniuliza kama siwezi hata kumwonyesha kamba zangu zimefungwaje, maana bado ziko dukani na hakuna anayezielewa. Nikamwambia zilichukuliwa pamoja na cherehani, zikae nazo. Akabaki amesimama, mkono mmoja umeshika tepu.

Nilikwenda chumba namba saba. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua, ufunguo ukazunguka lakini mbao zikakataa. Fundi wa chumba cha sita akaniuliza kama anisaidie. Nikamshukuru, nikamwambia asihangaike. Nikausukuma mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu ukaachia. Ndani kulikuwa na vumbi, mabaki ya kofia na mwanga mdogo wa kutosha meza moja. Nikapima kwa hatua mahali cherehani itakapokaa.